Briki inavuja, kuskusi ina mabonge: kuokoa chakula cha Kitunisia cha usiku wa wawili

Tatizo la kwanza la chakula hiki halimo ndani ya sufuria. Saa mbili usiku imefika, taa umeipunguza, mpenzi wako amekaa mezani na nguo aliyoichagua kwa ajili yako, na wewe uko jikoni jasho linakutiririka, karai la mafuta kulia, kuskusi, zile punje ndogo za ngano, inafuka mvuke kushoto. Mara ya kwanza nilipompikia mke wangu chakula cha Tunisia ndivyo ilivyokuwa. Alikula briki, ile kama sambusa yenye yai ndani, peke yake, akaingoja kuskusi peke yake, na nilipokuja kukaa usingizi ulikuwa umeshamjia. Kila sahani ilitoka vizuri. Usiku wenyewe haukuwa wetu.

Chanzo nilikielewa baadaye: nilipika kila kitu kana kwamba vyote vina haraka moja. Jiko la Tunisia lina vyakula vinavyongoja na visivyongoja. Ukivitenganisha tangu asubuhi, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini hayatakufikia.

Kwa watu wawili mimi hupanga hivi: slata meshwiya (ya mboga za kuchoma) ya kuanzia, briki moja moja, kuskusi ya samaki, halafu chai ya nanaa. Harisa, rojo la pilipili kavu, hutengenezwa hata wiki moja kabla. Slata hutengenezwa jana yake, na ikilala inakuwa bora. Mchuzi hupikwa mchana, bila vipande vya samaki. Kuskusi huvukizwa mara ya kwanza alasiri ikafunikwa kwa kitambaa, na mara ya pili saa moja kabla ya kula. Kinachobaki kwa dakika za mwisho ni samaki, briki na chai tu. Samaki anaingia kwenye mchuzi mgeni wako akiwa anavua viatu, briki zinakaangwa baada ya slata, na hukai jikoni zaidi ya robo saa usiku mzima.

Na usichague mlukhia kwa usiku huu, hata kama mpenzi wako anapenda mlenda. Majani ni ya jamii hiyo hiyo, lakini Watunisia huyakausha, huyasaga yakawa unga, kisha huyapika na nyama katika mafuta ya zeituni kwa saa 5 au 6 mpaka mchuzi uwe mzito na karibu mweusi. Nyumba nyingi hukipika siku ya kwanza ya mwaka wa Kiislamu. Ni chakula cha heshima, ila hakimfai mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja.

Briki

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo penye raha kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Briki ni karatasi ya unga, nyembamba mno, inaitwa malsuka. Ndani yake unaweka viazi vilivyopondwa kidogo, jodari wa kopo, kitunguu, kotmiri na kepa (nitazieleza chini), unavunja yai bichi katikati, unakunja, unakaanga. Ukiuma, unga unavunjika kwa mlio na kiini kinamiminika. Husimuliwa Tunisia kwamba mchumba alipokwenda ukweni aliwekewa briki, na mama mkwe akawa anaangalia: kiini kikidondoka, basi mambo yameharibika. Iwe kweli au iwe hadithi ya barazani, kinachotafutwa ni kiini kibichi ndani ya ganda kavu.

*Imepasuka na yai limemwagika kwenye mafuta.* Mara nyingi karatasi ilikuwa imekauka. Malsuka ikikaa wazi dakika tano inakatika kama jani kavu la mgomba, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa chenye unyevu na utoe moja moja. Kama huna malsuka, tumia manda za sambusa, lakini si zile zilizokwisha kukatwa vipande virefu. Tengeneza mwenyewe au mwombe anayekutengenezea akuachie duara zima kabla ya kisu kupita. Sababu ya pili ni kujaza maji: jodari asiyekamuliwa, viazi vyenye moto. Ya tatu ni kuchelewa. Yai likishavunjwa lina sekunde chache kabla halijalowesha karatasi. Mafuta yawe yameshapata moto ndipo uvunje.

Njia iliyoniokoa ni hii. Tandaza karatasi kwenye sahani bapa, weka vijiko viwili vya viazi na jodari, zungushia kama kitalu chenye shimo katikati, vunja yai dogo ndani ya shimo. Kunja nusu kwa nusu, bana ukingo kwa kidole chenye ute wa yai, peleka sahani mpaka kwenye ukingo wa karai, na iteleze yenyewe. Usiinyanyue kwa mikono. Halafu uchote mafuta ya moto kwa kijiko uimwagie juu, ili upande wa juu ushike kabla hujaigeuza.

*Kiini kimekauka.* Umeiacha muda mrefu, au mafuta yalikuwa baridi ukawa unangoja rangi. Mafuta yakiwa kwenye nyuzi 175 hivi, dakika moja na nusu kila upande inatosha. Kama huna kipimo, dondosha kipande cha manda: kikizama na kukaa, bado. Kikipanda hapo hapo na kutoa mapovu, anza.

*Ute bado mbichi ilhali nje kumeungua.* Moto mkali mno, au viazi ni vingi na vimelikinga yai. Punguza vyote viwili. Na kama mpenzi wako ni mjamzito, acha kiini kiive kabisa bila kujuta. Briki iliyoiva bado ni tamu.

*Imelegea ilipofika mezani.* Umezikaanga zote mbili mapema ukazifunika. Briki haifunikwi, wala hairundikwi juu ya nyenzake. Iegemeze kwenye ukingo wa sahani yenye karatasi ya kufyonza mafuta, kamulia limau, peleka. Inaliwa kwa mikono, ukishika pembe mbili na kuanzia katikati. Uma ndio unaomwaga kiini.

Kepa ni vitumba vya maua vilivyowekwa kwenye chumvi au siki, na maduka yetu mengi hayana. Achari ya ndimu iliyokatwa ndogo kabisa inashika nafasi hiyo vizuri, robo kijiko kwa kila briki.

Kuskusi

Aljeria, Mauritania, Moroko na Tunisia ziliipeleka kuskusi UNESCO kwa pamoja, na mwaka 2020 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Pamoja na ushirika huo, kila nchi inaila kwa namna yake, na hapo ndipo panapozaliwa lalamiko ninalolisikia zaidi: *kuskusi ni kavu, inakwama kooni.* Mpishi amefuata maelekezo ya Kimoroko, ambako punje hutoka nyeupe au za manjano na supu humwagiwa juu zikiwa mezani. Tunisia punje hunyweshwa mchuzi mwekundu jikoni. Zikishaiva unazimimina kwenye bakuli kubwa, unaongeza mchuzi upawa kwa upawa huku ukigeuza, unafunika, na unaziacha dakika 15 zinywe. Zinatoka na rangi ya tofali, na kila punje ina ladha yake. Ndiyo sababu nasema kuskusi inangoja. Ukiikimbiza mezani unaiharibu.

*Ina mabonge.* Umeimwagia maji kwa pupa. Kwa watu wawili chukua gramu 250 za kuskusi ya punje za wastani, mwaga kwenye sinia, tia vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya zeituni na uzisugue kwa viganja mpaka kila punje ing'ae. Ndipo unyunyize nusu kikombe cha maji yenye chumvi, kidogo kidogo, huku vidole vikichambua. Iache dakika 10. Vukiza dakika 15 hadi 20, ukihesabu kuanzia mvuke unapoonekana ukitoka juu ya punje, si kuanzia ulipobandika. Irudishe kwenye sinia, vunja mabonge ikiwa bado ina moto kwa nyuma ya kijiko cha mbao, nyunyiza nusu kikombe kingine, vukiza tena dakika 15. Mabonge yakibaki baada ya hapo, pitisha yote kwenye chekeche lenye matundu makubwa. Dakika mbili tu, na hakuna atakayejua.

*Mvuke hautoki juu.* Unapita pembeni. Chombo cha Kitunisia kina sehemu mbili, sufuria chini na keskasi yenye matundu juu, na hata huko hufungwa kwa utepe wa kitambaa uliochovywa kwenye unga na maji pale vyombo vinapokutana. Ukitumia kichujio cha chuma juu ya sufuria, utepe huo ni lazima. Ukikauka unashika kama udongo, na mvuke hauna pa kwenda ila kupitia kwenye punje.

*Imekuwa kama uji.* Ama maji ya chini yamegusa kichujio yanapochemka, ama umefunika na mfuniko ukawa unadondosha maji. Usifunike. Ikishatokea, itandaze kwenye sinia pana, ipepee mpaka ipoe, ongeza kijiko cha mafuta, irudishe kwenye mvuke dakika 10.

Boksi nyingi za dukani zina kuskusi iliyokwisha kupikwa na kukaushwa, ndiyo maana zimeandikwa dakika 5 na maji ya moto. Usiione aibu kuitumia. Badala ya maji, ipe mchuzi wako ukiwa unachemka, kikombe kwa kikombe, funika dakika 5, chambua, halafu ivukize dakika 10. Kwa aliyetoka kazini jioni, hiyo ni njia ya haki kabisa.

Mchuzi na harisa

*Una rangi lakini hauna kina, au una uchachu wa nyanya ya kopo.* Maji yaliingia mapema. Mchuzi wa Kitunisia hujengwa kwenye mafuta. Pasha vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya zeituni, kaanga kitunguu, tia vijiko viwili vya nyanya ya kopo na kijiko kimoja cha harisa vilivyolegezwa kwa maji kidogo, na kaanga kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu yakiwa mekundu. Kama dakika 10. Ndipo kitunguu saumu, bizari ya pilau (ambayo Watunisia hawaiachi kwenye samaki), manjano, halafu maji lita moja, viazi, boga na pilipili hoho nzima. Mafuta ya zeituni usiyabanie. Tunisia ni miongoni mwa nchi zinazoyatoa kwa wingi duniani, na chakula chao kimezoea wingi huo.

*Una uchungu.* Saumu au harisa imeungua. Sukari haitalitatua hilo, na mimi sishauri kujaribu. Mwaga, safisha sufuria, anza upya na moto mdogo. Umepoteza robo saa, basi. Ndiyo faida ya kupika mchuzi mchana.

*Ni mkali hata machozi yanatoka.* Hapa wengi wametumia pilipili kichaa au mbuzi. Harisa haitafuti ukali peke yake. Pilipili zake ni ndefu, nyekundu, zina nyama, zimekaushwa juani, na ladha yake inakaribia utamu wa moshi. Nabeul, kwenye rasi ya Cap Bon, ni moja ya nyumba zake, na mwaka 2022 UNESCO iliiandika harisa kuwa urithi wa Tunisia. Sokoni kwetu tafuta zile pilipili kavu ndefu zenye mikunjo ambazo hutumiwa zaidi kwa rangi. Toa mbegu, loweka gramu 100 kwenye maji ya moto nusu saa, kamua sana, kisha twanga na punje tano za saumu, kijiko cha chai cha chumvi, na kijiko kimoja kimoja cha giligilani na kisibiti zilizokaangwa kavu. Kisibiti ndicho kinachofanya harufu iwe ya Tunisia. Bila yake unapata pilipili ya kusaga ya kawaida, na ndiyo jibu kwa wanaoniuliza kwa nini harisa yao "haina kitu".

*Imeota ukungu.* Kijiko chenye maji kiliingia, au haikufunikwa na mafuta. Kila unapochota, sawazisha uso na uongeze mafuta ya zeituni mpaka yaifunike. Ikishaota ukungu itupe yote.

Neno la pembeni kuhusu jina. Ukiwa Muscat ukataja harisi, utaletewa ngano iliyopondwa na nyama, ile ambayo Unguja na Mombasa tunaiita bokoboko. Mzizi wa Kiarabu ni mmoja, wa kuponda, na vyakula ni viwili visivyokutana. Vivyo hivyo na tajine: ya Moroko ni mchuzi wa chungu, ya Tunisia ni mayai, jibini na nyama vilivyookwa vikakatwa kama keki. Kama tajine yako imetoka "vibaya", kwanza angalia ulikuwa unapika ya nchi gani.

Samaki amevunjika

Amepikwa sana, au amegeuzwa. Watunisia wa pwani wanampenda chewa kwenye kuskusi, nao humwita mannani. Kwa hiyo msomaji wa Tanga au Lamu ana samaki anayefaa kabisa. Vipande vinene vyenye mfupa, vikipakwa chumvi, bizari ya pilau na limau nusu saa kabla, vinaingia kwenye mchuzi viazi vikiwa vimeshaiva. Moto mdogo, dakika 10 hadi 12, bila kijiko. Tikisa sufuria tu. Kichwa kiwe kimechemka mchana pamoja na mchuzi na kutolewa, kwa sababu bila kichwa mchuzi unabaki mwepesi.

Slata inaelea kwenye maji

Hukuchoma vya kutosha, au umeisaga kwenye blenda. Pilipili hoho, nyanya na vitunguu vichomwe juu ya jiko la mkaa mpaka ngozi iwe nyeusi pande zote, siyo madoadoa. Vifunike kwenye bakuli dakika 10, menya kwa vidole bila kuosha (ukiosha unamwaga moshi wote uliouhangaikia), kisha viweke kwenye chujio nusu saa vichuje maji. Twanga kwa kinu, kwa mchi mwepesi, vibaki na vipande. Saumu, kisibiti, chumvi, mafuta. Jodari na yai la kuchemsha juu, wakati wa kula.

Mikono inawasha

Hili halimo kwenye vitabu vya mapishi, na linaharibu usiku kuliko kuskusi mbovu. Aliyemenya pilipili hawezi kumshika mwenzake usoni. Maji peke yake hayatoi ukali wa pilipili kwa sababu unayeyuka kwenye mafuta. Sugua mikono kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni ya vyombo, rudia mara mbili. Bora zaidi ni kutengeneza harisa siku nyingine kabisa. Kuhusu saumu, mle nyote wawili.

Kinywaji na chai

Sharubati ya limau ya Kitunisia husagwa na maganda, kwa hiyo ikikaa inashika uchungu. Isage, ichuje ndani ya dakika chache, tia sukari, ipoze.

*Chai ya nanaa ina uchungu.* Umechemsha majani ya nanaa. Chemsha chai ya kijani na sukari, ondoa motoni, ndipo utie nanaa mbichi na ufunike dakika 3. Juu ya kila gilasi huwekwa mbegu za msonobari, ambazo bei yake ni ya kutisha hata Tunis kwenyewe. Lozi zilizomenywa ngozi zinatumika huko huko, na ndizo ninazozitumia. Ziweke mwisho kabisa, zielee, muwe mnazikamata kwa midomo mnapokunywa. Tende aina ya Deglet Nour pembeni zinatosha kuwa kitindamlo. Baada ya briki na kuskusi hakuna mwenye nafasi ya keki.

Asumini zimenyauka kabla ya chakula

Jioni za kiangazi, kwenye vibaraza vya kahawa vya Sidi Bou Said, karibu na Tunis, hupita wauzaji wa mashmumu: vitumba vya asumini vilivyochomekwa kwenye vijiti vyembamba na kufungwa kwa uzi. Mwanamume huchomeka sikioni. Mtu wa pwani yetu akiiona atakumbuka kikuba mara moja. Ukitaka moja mezani, kosa la kawaida ni kuchuma maua yaliyokwisha kufunguka. Chuma vitumba vilivyofumba, jua likikaribia kuzama, vifunge, vifunike kwa kitambaa kibichi mahali pa ubaridi. Vitoe unapopeleka slata. Asumini hufunguka usiku, na itakuwa inafunguka mnapofika kwenye chai.